Mwalimu wa Ngoma wa Mjukuu Wako

Limerick, Ayalandi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba unifikishie shikamoo kwa Mama pia. Sisi huku hatujambo sote, na baridi imeanza kulegea.

Katika barua yako umeuliza swali ambalo mwalimu mstaafu tu ndiye angeliuliza: huyo mama anayemfundisha mjukuu wako kurukaruka huku mikono imebanwa ubavuni amesomea wapi, na ni nani aliyempa kibali cha kushika watoto wa watu? Ndugu zangu wao wameuliza bei ya viatu. Nakujibu wewe kwanza, kwa kuwa hata mimi sikulipa ada kabla ya kuulizia jambo hilo.

Ualimu huu, Baba, hausomewi chuoni kama wewe ulivyosomea wako Korogwe. Chuo kikuu cha hapa Limerick kinatoa shahada ya uzamili katika ngoma za asili za Kiayalandi, lakini shahada hiyo peke yake haimruhusu mtu kuandikisha wanafunzi katika mashindano ya chama kikubwa kuliko vyote, kiitwacho An Coimisiún le Rincí Gaelacha, ambacho ni tume ya ngoma iliyoundwa Dublin mwaka 1930. Lazima awe na cheti cha tume hiyo. Zipo jumuiya nyingine zilizojitenga nayo, nazo zina vyeti vyao na mashindano yao, ila mwalimu wetu ni wa tume, na cheti chake kinaning'inia ukutani karibu na mlango wa ukumbi wa parokia anakofundishia jioni akitoka kwenye kazi yake ya mchana. Walimu wengi wa ngoma huku wanaishi hivyo: mchana ni muuguzi, karani au mwalimu wa shule ya msingi, na jioni ndipo huwa mwalimu wa ngoma.

Mtihani wenyewe si wa mzaha. Mtahiniwa anaandika majibu kuhusu ngoma za kundi zilizomo katika kitabu cha tume, ambazo ni 30, akieleza nani anasimama wapi na nani anaanza kuondoka. Anasikilizishwa muziki aseme ni wa ngoma ipi. Anacheza mwenyewe mbele ya jopo, zikiwemo zile ngoma kongwe ambazo hatua zake hazibadilishwi, kama The Blackbird na St Patrick's Day. Kisha analetewa wachezaji awafundishe palepale, watahini wakimtazama. Sehemu hii ya mwisho naamini ingekuridhisha, kwani wapo wachezaji hodari wenye vikombe vya ubingwa ambao hukwama hapo: miguu yao inajua, ila mdomo haujui kueleza.

Karibu walimu wote walianza ngoma wakiwa watoto wadogo, wakafundishwa na mtu ambaye naye alifundishwa na mwingine wa zamani zaidi, na ukimwuliza mwalimu habari zake atakutajia mwalimu wake kabla ya kutaja mashindano aliyoshinda. Mnyororo huo ni mrefu. Arthur Young, msafiri Mwingereza aliyezunguka nchi hii kati ya 1776 na 1779, aliandika kwamba walimu wa ngoma, maskini kama wanafunzi wao, walikuwa wakitembea kutoka kibanda hadi kibanda wakiongozana na mpiga zumari au mpiga fidla kipofu, na malipo yao yalikuwa peni sita kwa robo mwaka. Mlango wa nyumba uling'olewa bawabani ukalazwa chini, ukawa ndio jukwaa. Husimuliwa pia kwamba mwanafunzi asiyejua kulia na kushoto alifungwa nyasi kavu mguu mmoja na mabua mguu wa pili, mwalimu akawa anaita nyasi, mabua, nyasi, mabua. Siwezi kuapa kwamba ni kweli, lakini kila mwalimu huku anaisimulia. Baadaye chama cha kufufua lugha, Conradh na Gaeilge, kilichoanzishwa 1893, kiliichukua ngoma kama sehemu ya utaifa, mashindano yakashamiri, na mwalimu wa kutembea akageuka mwalimu wa ukumbini mwenye kanuni zilizoandikwa.

Badiliko jingine kubwa lilitokea mwaka 1994, pale Riverdance, onyesho la jukwaani la ngoma za Kiayalandi, ilipochezwa Dublin kwa dakika chache wakati wa mapumziko ya shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, Eurovision. Wachezaji wawili walioongoza, Michael Flatley na Jean Butler, walikuwa wazaliwa wa Marekani, watoto wa Waayalandi wa ughaibuni waliofundishwa kulekule, jambo linaloonyesha kwamba walimu waliohama walikuwa wamebeba kazi yao sawasawa. Tangu hapo limejitokeza kundi la walimu waliozunguka dunia na maonyesho ya jukwaani kabla ya kurudi kutafuta cheti. Hao hutilia mkazo mazoezi ya nguvu na ya kunyoosha misuli. Walimu wa kale husisitiza mdundo kwanza. Wetu ni wa kale, nami nashukuru.

Sasa njia yake ya kufundisha. Yeye mwenyewe hachezi sana. Husimama mbele ya safu ya watoto akainua viganja vyake, na viganja hivyo ndivyo vinavyocheza hatua: kiganja cha kulia kinavuka mbele ya cha kushoto, vidole vinaelekea chini, kinapiga, kinarudi. Huku mdomo wake unaimba hesabu, "hopu, moja, mbili, tatu", kama ulivyotuimbisha jedwali la kuzidisha. Muziki hauwashwi mpaka hesabu imekaa kichwani, na ukiwashwa huwa umepunguzwa mwendo. Kila hatua hufundishwa kwa mguu wa kulia, kisha nzima irudiwe kwa mguu wa kushoto, na mtoto aliyeiweza upande mmoja huhesabiwa kuwa bado hajaijua. Mjukuu wako alikasirika sana kwa hilo. Akaambiwa arudie.

Kusahihisha nako kuna namna yake. Mwalimu hamwambii mtoto kwamba amekosea, hutaja kiungo tu: "Goti." "Kisigino." "Bega." Mikono lazima ikae imenyooka ubavuni, vidole vya mguu vielekee nje, miguu ivukane kiasi kwamba ukitazama kwa mbele magoti yanafichana, na kisigino kisikae sakafuni. Watoto hucheza wawiliwawili, wengine wakiwa ukutani wanatazama, naye mara nyingine huwauliza wale wa ukutani wameona nini. Hapo ndipo nilipomkubali, kwa sababu anawafundisha kuona.

Nisilolipenda ni mashindano, ambayo kwa Kiayalandi huitwa feis. Watoto wadogo huvalishwa wigi za nywele za mawimbi na magauni ya bei inayonitia kizunguzungu, na waamuzi wengi nao ni walimu wenye shule zao, japo hawaruhusiwi kuwapa alama wanafunzi wao. Mwaka 2022 magazeti ya huku yaliandika tuhuma kwamba baadhi ya walimu walikuwa wakipangiana matokeo, na jaji mstaafu akaletwa kusimamia uchunguzi. Nilimwuliza mwalimu wetu waziwazi. Akasema mtoto hatapelekwa kwenye mashindano yoyote kabla miguu yote miwili haijalingana, na wigi si lazima kwa wanaoanza. Tumekubaliana hivyo.

Kuhusu video uliyoomba ya darasa, haiwezekani. Ukiacha zile ngoma kongwe na za kundi, hatua hutungwa na mwalimu mwenyewe, kila shule ina zake, nao huzilinda zisiibwe, kwa hiyo simu haziruhusiwi ukumbini. Ila tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, shule itacheza barabarani katika maandamano ya mji, na hapo kila mtu hupiga picha apendavyo. Nitairekodi na kuituma kwenye simu ya Kaka. Mwambie aache nafasi ya kutosha, kwani nitarekodi ngoma nzima, mguu wa kulia na wa kushoto, ili usahihishe mwenyewe.

Ni mimi binti yako mtiifu.