Wenye pikipiki zinazonadiwa vituoni watafutwe kwanza, na wanunuzi wapewe hati kamili

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie minada ya pikipiki na magari yaliyolala katika vituo vya polisi hapa Kenya, ambayo huwavutia wengi, hasa vijana wanaotaka kuingia katika biashara ya bodaboda, kwa matumaini ya kupata chombo kwa bei ya chini. Siipingi minada hiyo. Uwanja wa kituo uliojaa vyombo vinavyoliwa na kutu haumfaidi yeyote, na mtu mwenye kipato kidogo anastahili kununua chombo halali kwa bei anayoimudu. Ninalolalamikia ni jinsi mwenye mali anavyopashwa habari, na hali anayoachwa nayo mnunuzi baada ya kulipa.

Kwa kawaida polisi huomba amri ya mahakama, kisha ilani huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, litokalo kila Ijumaa, ikiwataka wenye vyombo wafike kituoni na uthibitisho wa umiliki, mara nyingi katika muda wa siku 30, la sivyo dalali aliyetajwa atavinadi. Je, ni mwendeshaji gani wa bodaboda kule Bondo au Kitale anayelisoma gazeti hilo, tena ilani yenyewe ikiwa kwa Kiingereza? Wengi wao walinunua pikipiki kwa mkopo, na maadamu deni halijaisha, jina la mkopeshaji hubaki kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki, kwa hiyo hata habari ikimfikia mhusika, uthibitisho anaotakiwa kuutoa hauko mikononi mwake. Yeye amenyang'anywa riziki kwa kosa la trafiki ambalo pengine faini yake ni ndogo kuliko thamani ya pikipiki, na bado anaendelea kudaiwa. Katika msako wa Machi 2022, baada ya dereva mwanamke kushambuliwa katika Barabara ya Wangari Maathai jijini Nairobi, pikipiki zilikamatwa kwa wingi, za wenye hatia na za wasio na hatia.

Kumtafuta mwenyewe si kazi ngumu. Nambari ya usajili ikiingizwa katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili vyombo vya moto, jina la mwenye chombo huonekana, na pale nambari ilipong'olewa, bado kuna nambari ya chesisi na ya injini. Kwa nini basi asipigiwe simu, na mkopeshaji wake akaandikiwa barua, kabla ya hakimu kuombwa amri?

Mnunuzi naye ana mashaka yake. Chombo huuzwa jinsi kilivyo na pale kilipo, bila nafasi ya kukijaribu barabarani, na baada ya muda mrefu wa jua na mvua hutokea injini ikawa imekwama na betri au kabureta haipo. Hilo angalau anaweza kulikadiria kwa macho, akienda na fundi siku ya ukaguzi. Baya zaidi ni kuondoka na risiti tu. Bila nakala ya amri ya mahakama, cheti cha mauzo kutoka kwa dalali na barua ya kituo, atashindwa kuhamisha umiliki, na siku atakaposimamishwa barabarani na chombo kilichosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, anaweza kushukiwa kuwa anamiliki mali ya wizi, kosa ambalo Kanuni ya Adhabu inalitaja katika kifungu cha 322. Isitoshe, vingine hunadiwa kama vyuma chakavu, na hilo lapasa kutangazwa waziwazi kabla ya mtu kutoa amana yake.

Namwomba Inspekta Jenerali wa Polisi aagize kila kituo kibandike orodha ya vyombo hivyo kwa Kiswahili, penye lango na katika steji za bodaboda zilizo karibu, na kuitangaza katika redio za mashinani. Idara ya Mahakama nayo ingewataka mahakimu wasitoe amri ya kunadi mpaka polisi waonyeshe kwa maandishi jinsi walivyomtafuta mwenye kila chombo, na amri hiyo imlazimishe dalali kukabidhi hati zote siku ile ile anapopokea fedha.

Msomaji wako,
Kisumu