Barua kwa mdogo wangu anayetaka kujiunga na zimamoto jeshini

Mdogo wangu,

Nimesoma ujumbe wako. Maswali yako yote yanahusu moto wenyewe: unatisha kiasi gani, unazimwaje, mtu anajisikiaje akiwa ndani. Ni maswali ya haki, lakini moto ni sehemu ndogo ya kazi hii. Miaka yako italiwa na yanayotangulia moto na yanayoufuata, kwa hiyo nakuandikia hayo.

Kwanza kabisa utakuwa askari. Utapita depo, yaani kambi ya mafunzo ya awali, kama kuruti mwingine yeyote, utakimbizwa na utafundishwa silaha, ndipo upelekwe kozi ya zimamoto. Kituo hujichagulii. Unaweza kupangiwa kambi ya anga, au meli, au misheni ya mbali ambako kikosi kizima kinategemea magari mawili na hema. Afande akisema leo mnalinda lango, mtalinda lango. Nimewaona vijana hodari wakiacha kwa sababu hiyo tu. Zimamoto waliipenda, jeshi hawakulipenda. Lipime hilo kabla hujajaza fomu.

Zamu mara nyingi ni ya saa 24, na huanza kwa ukaguzi. Unafungua kila kabati la gari, unawasha pampu, unasoma kipimo cha mtungi wa hewa. Kisha unavaa barakoa, unaziba tundu la hewa kwa kiganja na kuvuta pumzi. Ikikunata usoni, iko sawa. Ukisikia upepo shavuni, vua urekebishe mikanda, ujaribu tena. Utafanya hivyo kila zamu, na kuna siku utachoka nayo. Usiiruke hata siku hiyo.

Ukiwa uwanja wa ndege, muda ndio utakaokutawala. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa viwanja vya kiraia vinataka gari la kwanza lifike sehemu yoyote ya njia ya kurukia ndani ya dakika 3, na ikiwezekana 2. Jeshini haraka ni ile ile, ila ndege yenyewe ni hatari zaidi kuisogelea. Chukua mfano wa breki. Ndege ikitua kwa kasi na rubani akazikanyaga sana, hupata joto kali, na gurudumu linaweza kupasuka hata baada ya ndege kusimama kimya. Vipande hurukia ubavuni. Ndiyo maana gurudumu la namna hiyo hufuatwa kutokea mbele au nyuma, kamwe si ubavuni. Chini ya kiti cha rubani wa ndege ya kivita kuna roketi ya kumrusha nje. Ukimvuta rubani aliyezimia kabla ya kuchomeka pini za usalama, mnaweza kufa wote wawili. F-16 nayo hubeba haidrazini, sumu kali, kwa ajili ya mtambo wake wa dharura. Kila aina ya ndege itakubidi uisome upya, na mitihani haiishi.

Soma habari za USS Forrestal, meli ya Marekani ya kubeba ndege za kivita. Tarehe 29 Julai 1967, nje ya pwani ya Vietnam, roketi ya ndege moja ilifyatuka yenyewe sitahani, ikapasua tangi la mafuta la ndege nyingine. Kama dakika moja na nusu baadaye bomu la kwanza lililipuka katikati ya wazima moto waliokwisha kufika, na karibu wote waliuawa. Waliobaki wakashika mipira ya maji bila mafunzo ya kutosha, na maji yao yakasomba povu ambalo wenzao walikuwa wamelitandaza juu ya mafuta. Watu 134 walikufa. Nikisikia kuruti akilalamika kwamba zoezi la povu limerudiwa tena, nafikiria sitaha ile.

Usidhani pia kwamba kila king'ora ni moto. Zimamoto wa Paris ni wanajeshi tangu Napoleon alipowapa muundo huo mwaka 1811, na dunia iliwaona kanisa kuu la Notre-Dame lilipoungua mwaka 2019, lakini sehemu kubwa ya miito yao ni wagonjwa na majeruhi. Huduma ya kwanza jifunze kwa moyo wote.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo linaloninyima amani juu yako. Mwaka 2022 shirika la IARC, la utafiti wa saratani, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza, yaani la mambo yanayojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Masizi hayabaki kwenye koti. Hupenya hadi kwenye ngozi ya shingo na kinena. Povu la zamani la kuzimia mafuta nalo lina kemikali za PFAS, ambazo hudumu mwilini miaka mingi. Kuna askari wanaoringa kwa koti jeusi lililoganda masizi, eti ndiyo alama ya ukongwe. Usiwaige. Barakoa usiivue mpaka moshi uishe kabisa, hata moto ukiwa umezimwa. Futa shingo na mikono papo hapo, oga mara ufikapo kituoni, na koti chafu lisiingie chumba cha kulala. Weka kumbukumbu yako mwenyewe ya kila tukio na moshi uliouvuta, kwa sababu ugonjwa unaweza kuja ukiwa umeshastaafu, na hapo utadaiwa ushahidi.

Kabla ya kutia saini mkataba, uliza mambo mawili. Je, vyeti vya kozi vitatambuliwa uraiani, kama vinavyotambuliwa vya wahitimu wa chuo cha zimamoto cha jeshi la Marekani kule Goodfellow, Texas? Na vipimo vya afya vya kila mwaka vinahusisha nini hasa? Majibu yaandikwe, yasiwe ya mdomo tu. Ukishayapata nitumie, tuyasome pamoja.

Kaka yako