Msumbiji haikuanza na Vasco da Gama

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka na sijawahi kuandika, ila ile habari ya juzi kuhusu vitabu vya historia ya Msumbiji imenikera. Mnasifia vitabu vipo tele, halafu historia yenyewe mnaianzia 1498 Vasco da Gama anatia nanga. Kwani hakukuta watu pale? Hata jina la nchi linatokana na mtawala Mwislamu wa Kisiwa cha Msumbiji, Musa bin Mbiki.

Mwezi uliopita niliingia duka moja la vitabu Dar, namtafutia mtoto wa dada kitabu cha Msumbiji cha Kiswahili. Kijana akapanda ngazi, akapekua weee, akashuka na kitabu cha picha za fukwe, maandishi Kireno, kina vumbi, bei elfu tisini. Nikamuuliza, cha Mueda hamna? Akaniambia "Mueda ndo nini, mzee?" Nilitetemeka. Mueda, kule kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 16 Juni 1960, Wareno waliwamiminia risasi watu waliokwenda kudai haki yao mbele ya ofisi ya serikali, mama yangu mdogo alivuka Ruvuma akiwa binti sababu ya hayo mambo, halafu FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, ikaundwa hapohapo Dar 1962, wapiganaji wakafunzwa Nachingwea, na kiongozi wao Mondlane akauawa hapohapo Dar 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, ndani ya kitabu jamani, na kijana anayeuza vitabu mji huohuo hajui lolote!

Na wauza vinyago nao wamo. Nimemsikia mmoja anamwambia mgeni mapiko ni ya kufukuzia wachawi. Mapiko ni ngoma yetu Wamakonde, ya jandoni, mchezaji anavaa kile kichwa cha mti na kitambaa kinamfunika shingo usimjue ni nani. Uongo huo mgeni anaondoka nao kwao.

Ninachotaka ni kitabu kimoja tu. Kurasa 200, herufi kubwa, bei isizidi elfu kumi, wazee wa Mueda na Newala waongee Kimakonde, Wamwani wa kisiwa cha Ibo kule kaskazini mwa Msumbiji na Kimwani chao, ndo kitafsiriwe Kiswahili. Na waanze sasa. Mama mdogo bado anakumbuka kila kitu ila masikio yameanza kugoma, mkija na rekoda njooni asubuhi, jioni anachoka.

Msomaji wenu, Newala