Mwanangu, ndoo zina matundu?

Mwanangu,

Picha ya bustani yako ya ndoo imefika. Mama yako ameikuza mpaka ikawa ukungu mtupu, akitafuta nyuso za wajukuu. Mimi nimeitazama chini, kwenye sakafu. Sakafu ni kavu. Umeandika kwamba mnamwagilia asubuhi na jioni, na kwamba watoto wana zamu zilizobandikwa mlangoni, halafu chini ya ndoo 11 hakuna hata alama ya unyevu. Maji hayo yanakwenda wapi? Ndoo zina matundu?

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungesema "sawa baba" kabla sijafika katikati.

Nilikaa nikupongeze, na pongezi zipo. Udongo umeuchanganya vizuri. Hukuchota ule wa uani peke yake ukaujaza ndani ya ndoo, ambao baada ya wiki chache ungeshikamana kama tofali; umetia mboji, umetia mchanga, na samadi umengoja mpaka ikaoza sawasawa. Mnanaa umeupa chombo chake peke yake, jambo la maana, kwa sababu mnanaa ukiwekwa na wenzake huwapitia chini kwa mizizi mpaka ukabaki wenyewe. Nyanya umezipa ndoo za lita 20, mche mmoja kila ndoo, na miche umeizamisha mpaka karibu na majani ya kwanza ili shina litoe mizizi zaidi. Hayo sikukufundisha mimi. Picha nimewaonyesha wenzangu kibarazani na nimejisifu kama vile nilipanda mwenyewe. Habari ya majani ya njano sikuwatajia.

Maana majani ni ya njano, mwanangu, na wewe hukuyasema. Umesema tu nyanya zinanyauka, na kwamba zinanyauka kwa sababu mwanao mkubwa anaruka zamu yake, na kwamba umemzuia kucheza siku mbili.

Hapo ndipo usingizi uliponipaa.

Mche uliojaa maji hunyauka sawasawa na mche wenye kiu. Ukiitazama miwili hiyo kwa mbali huwezi kuitofautisha. Mizizi inataka hewa kama inavyotaka maji, na hewa hiyo hukaa katika vinafasi vya udongo. Ukimwaga maji yasiyo na pa kutokea, vinafasi vyote vinajaa, mizizi inakosa pumzi, inaoza. Mzizi uliooza hauwezi kunywa hata ukiwa umelala majini, kwa hiyo majani yanalegea, mtu anaona kiu, anaongeza maji. Na kesho yake anaongeza tena. Majani ya chini yanageuka njano, shina linakuwa laini pale linapogusa udongo, na vidudu vidogo vyeusi kama mbu wadogo huanza kurukaruka juu ya ndoo. Je, umewaona? Chimba kidogo kwa kijiko unuse. Udongo wenye afya hunukia kama mvua ya kwanza. Ukinuka mtaro, jibu umelipata, na mtoto hana kosa.

Kopo la nyuma ya jiko, lile la mche wako ulionyauka, unalijua, sina haja ya kulisimulia, na adhabu yake unaikumbuka kuliko mimi. Wiki moja baadaye, wewe uko shule, nililipindua kopo lile nilitumie kuwekea misumari. Kitako chake kilikuwa kizima. Udongo ulitoka mweusi, umeungana kama matope ya bomba, na mizizi ikakatika mikononi kama uzi uliooza. Zamu ilikuwa yako na ulisema umemwagilia. Ulikuwa umemwagilia. Misumari imo koponi mpaka leo.

Haya, kokoto. Umeandika kwamba mtu alikushauri uweke tabaka la kokoto chini ya kila ndoo "ili maji yapate pa kukaa". Hatutaki yakae! Hata ndoo ingekuwa na matundu, kokoto hazisaidii: maji hayashuki haraka kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto, hukwama kwanza kwenye udongo wa juu yake mpaka uloe kabisa. Ulichofanya ni kuyasogeza matope karibu na mizizi na kuipunguzia nafasi. Zitoe. Kama unaogopa udongo utamwagika kwa matundu, tandika kipande cha wavu au kitambaa chepesi, basi.

Matundu yenyewe yawe manne mpaka sita kwa ndoo ya lita 20, upana wa milimita 10 hivi, na mawili matatu pembeni, sentimita 2 kutoka chini, kwa sababu kitako kikikaa bapa sakafuni tundu la chini huziba na ukarudi palepale. Ndiyo maana nataka ndoo ziinuliwe juu ya vipande vya tofali au mbao. Usiinue wewe na mgongo wako huo. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa ni kilo 20 na ushei, mwite mumeo, mshike wawili. Na vile visahani ulivyoweka chini ya viungo, vimwage. Maji yakituama humo, mbu huhitaji wiki moja mpaka siku 10 tu kutoka yai mpaka kuruka, achilia mbali mizizi inayorudi kunywa maji yaleyale.

Hiyo ndoo ya bluu, ya mwisho kulia, ilikuwa na nini zamani? Kama iliwahi kubeba rangi, mafuta ya gari au dawa ya wadudu, itoe hata kama umeiosha mara saba. Iwe ya takataka.

Kuhusu zamu. Watoto kuwa na zamu ni jambo jema na sitaki ziondolewe, ila nakuomba zamu iwe ya kutia kidole. Kidole kinaingia udongoni mpaka pingili ya pili. Kikitoka kikavu, maji yamwagwe polepole chini ya shina, siyo juu ya majani, mpaka yatiririke kwa matundu (ambayo sijui kama yapo). Kikitoka na udongo umenata, mtoto aende zake, zamu ameimaliza. Siku ya jua kali na upepo, nyanya kubwa yenye matunda inaweza kunywa mara mbili. Siku ya mawingu isinywe kabisa. Ratiba ya mlangoni haijui hali ya hewa. Tena asubuhi ni bora kuliko jioni, majani yaliyolowa yakilala hivyo usiku hukaribisha ukungu. Na ukiona yamelegea saa nane mchana, usikimbilie kopo. Ngoja jua lipoe. Yakisimama yenyewe jioni, yalikuwa yanajikinga na joto tu.

Usiende upande wa pili pia ukaziacha zikauke mpaka udongo ukajitenga na kuta za ndoo, kisha ukazimwagia kwa wingi. Nyanya inayopewa njaa na shibe kwa zamu huoza kitako, lile doa jeusi lililobonyea, kwa sababu madini ya chokaa hayafiki kwenye tunda bila maji yanayokwenda kwa utaratibu. Watu hudhani ni ugonjwa wakanyunyiza dawa. Nakufahamu, wewe ukiambiwa punguza unaacha kabisa. Hilo umelitoa kwa baba yako.

Ndoo 11 kwa mara ya kwanza! Ningekuwepo ningesema nne. Nyanya mbili, spinachi, na moja ya viungo. Lakini nisingesikilizwa, na pengine ni vizuri, kwani zikifa tano bado utakuwa na sita.

Za kuokoa ziokoe leo. Pindua ndoo taratibu ukiwa umeushika mche shinani, kata mizizi iliyo myeusi na laini, acha ile myeupe. Rudisha kwenye udongo mpya ulio na unyevu kidogo tu, uuweke kivulini siku tatu nne, na usitie mbolea. Mzizi mgonjwa haulishwi. Ambao umekwisha kabisa, usiutupe kabla hujakata vichwa. Kijiti cha mrihani cha urefu wa kiganja, ukitoa majani ya chini na kukisimamisha kwenye bilauri ya maji, hutoa mizizi kwa wiki moja au mbili. Nyanya nayo hukubali, chukua chipukizi lile linaloota kwapani mwa tawi. Mpe kazi hiyo mwanao mkubwa. Bilauri iwe yake, dirishani kwake, asiguswe na ratiba ya mtu.

Mrihani unapopona, ufinye ncha kila ukifika majani sita, usiuonee huruma, la sivyo utatoa maua na majani yatakuwa machungu. Rozimeri ndiyo ninayoihofia kuliko yote: hiyo haipendi kabisa kulowa miguu, ikauke baina ya maji na maji. Giligilani usiihamishe, ina mzizi mmoja mrefu unaochukia kuguswa, sia mbegu palepale itakapokaa, na joto likizidi itakimbilia maua hata ufanye nini. Spinachi na letusi zivute upande wenye kivuli cha mchana, zitakushukuru. Ile nafasi inayopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku wape nyanya na pilipili hoho.

Vidukari chini ya majani nimeviona pichani, au labda ni macho yangu. Kama ni vyenyewe, maji ya nguvu kwa siku chache huvitoa.

Hapa nyumbani hatujambo. Goti la mama yako linapanda na kushuka na hali ya hewa, anakataa kukaa. Mfereji wa bati umeachia upande wa jikoni, maji yanamwagika ukutani, nimepanda ngazi mara moja nikafukuzwa. Anauliza pia kama mfuniko wa sufuria kubwa uliondoka nao, kwa sababu sufuria ipo. Nimemwambia nitauliza, nimeuliza.

Jambo jingine, drili yangu iko kwenu tangu mlipofunga mapazia. Sikuwahi kuidai, lakini nimeiwaza usiku kucha, imelala kabatini hatua tano kutoka kwenye ndoo zisizo na matundu. Itumie kwanza, ndipo niletewe. Pindua ndoo juu ya ubao, anza polepole, plastiki ikisukumwa hupasuka. Kama chaji imekufa, msumari uliopashwa moto unatosha, ila fanyia nje kwenye upepo, moshi wake mbaya, na shika kwa koleo. Wadogo wakae mbali. Mkubwa anaweza kuipima milimita na kuweka alama kwa kalamu, anajua kuhesabu huyo.

Na mchezo wake umrudishie leo. Usingoje mpaka umalize ndoo. Huna haja ya kumweleza mambo mengi, mwambie babu kasema yalikuwa matundu.

Safari hii nitumie picha ya sakafu.

Ni mimi baba yako.