Proctor hakufa kwa kiburi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka 19 bila kukuandikia hata mstari. Uchambuzi wenu wa The Crucible, tamthilia ya Arthur Miller kuhusu kesi za uchawi za Salem, Marekani, umenishinda kunyamaza. Eti John Proctor alikufa kwa kiburi, mwenye akili angetia saini akarudi kwa mkewe na watoto.

Saini alitia! Mchambuzi wako alikaa ukumbini mpaka mwisho kweli? Proctor amehukumiwa kunyongwa, na ili aokoke anakiri uchawi asioujua. Anabembelezwa ataje wengine, anakataa, lakini jina lake analiandika, na uhai ameshaupata. Anaichukua tena karatasi na kuichana kwa sababu itabandikwa mlangoni pa kanisa siku ileile akina Rebecca Nurse wananyongwa kwa kukataa kusema uongo. Na Proctor huyu si malaika. Amezini na mtumishi wa nyumbani mwake, na mwenyewe hajajisamehe.

Mimi pia niliwekewa karatasi mezani, kazini. Iliandikwa kwamba nimemwona mwenzangu akitoka na mali ya ofisi. Sikumwona. Nikaambiwa ni utaratibu tu, wenzako wote wameshatia. Nikatia. Mwenzangu akafukuzwa wiki hiyohiyo, mimi nikaendelea kupokea mshahara, na mpaka leo nikimwona kwa mbali nageuza njia. Kalamu ilipotoka mkononi nilikuwa na muda wa kusema nirudishieni. Sikusema. Halafu mtu aniandikie kwamba kuichana karatasi ile ni kiburi!

Miller mwenyewe alijua anachokiandika. Tamthilia ilitoka 1953, na mwaka 1956 kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti ikamwita. Habari zake alizieleza, majina ya wenzake akakataa kuyataja. Mwaka 1957 akatiwa hatiani kwa kulidharau Bunge, hukumu ikafutwa 1958.

Hata miongozo ya wanafunzi inairuka saini ile: "Proctor: jasiri, mkweli, ana msimamo." Mwanafunzi anakariri, anapata alama zake, wala haulizwi kwa nini mtu huyo alitia saini kwanza.

Naomba umrudishe mchambuzi ukumbini. Akae safu ya mbele, taa na mavazi aviache, aifuate karatasi tu: nani anaishika, nani anainyooshea mkono, tangu inapoandikwa mpaka inapochanwa. Aya nne zinatosha, na zichapwe palepale zilipochapwa zile za kwanza.

Msomaji wako wa siku nyingi