Lenzi ya kampuni nyingine si lenzi feki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika safu hii ya barua, aliwashauri vijana waliorithi kamera za filamu wasinunue lenzi yoyote isiyobeba jina la kampuni iliyotengeneza kamera yenyewe, kwa madai kwamba nyingine zote ni feki. Nimepiga picha hapa Kigoma kwa zaidi ya miaka thelathini, na naelewa hofu hiyo inatoka wapi, kwani nani kati yetu hajauziwa chaja ya simu yenye jina kubwa ambayo haikumaliza wiki? Lakini lenzi iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ikauzwa kwa jina lake yenyewe, haijamdanganya mtu, na kuiita feki ni kuwanyima vijana hawa kifaa wanachokihitaji kuliko vyote kwa kazi za hapa kwetu, yaani lenzi ya pembe pana.

Kamera nyingi zilizobaki kwenye makabati ya wazee wetu, ziwe Zenit za Kisovieti, Praktica za Ujerumani Mashariki au Pentax za Japani, zina lenzi moja tu, ya milimita 50 au 58 (namba ikipungua, lenzi inaona upana zaidi). Ni lenzi nzuri kwa sura ya mtu mmoja. Ipeleke sasa kwenye shughuli ya kuvalishana pete katika sebule ya kawaida pale Mwanga, ambako wazee wa pande mbili wamekaa kwenye makochi yaliyogusana, nawe umebanwa mgongo na kabati la vyombo. Ukiwa mita 3 kutoka kwao, lenzi ya milimita 58 inachukua upana usiofika mita 2, kwa hiyo mjomba wa upande huu na shangazi wa upande ule wanabaki nje ya picha. Lenzi ya milimita 35, kutoka mahali hapohapo, inachukua mita 3, na ya milimita 28 inakaribia mita 4, na sebule nzima imeingia. Mpiga picha wa lenzi moja hana la kufanya ila kutoka nje na kupigia mlangoni, na nimeona picha nyingi za aina hiyo, zenye fremu ya mlango kila upande.

Inafaa pia ijulikane kwa nini lenzi hizi zilikuwa kazi ngumu kutengeneza, kwani hapo ndipo ubora na udhaifu wake ulipo. Kamera hizi zina kioo ndani, kinachoruka juu unapobonyeza, na kioo hicho kinahitaji nafasi. Lenzi ya kawaida ya milimita 28 ingetaka kukaa takribani milimita 28 tu kutoka kwenye filamu, na hapo kioo kingeigonga, maana katika kamera hizi umbali kutoka kifungio cha lenzi, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, hadi filamu unazidi milimita 40. Mwaka 1950 kampuni ya Mfaransa Pierre Angénieux ilitoa lenzi ya milimita 35 iliyopangwa vioo vyake kinyume, kipande kikubwa cha kutawanya mwanga kikiwa mbele, na kwa mpangilio huo lenzi ikaweza kukaa mbali na filamu bila kupoteza upana wake. Angénieux hakuwa mtengenezaji wa kamera hizo. Alitengeneza lenzi za kufungwa kwenye kamera za wengine, kwa hiyo njia ambayo hata kampuni kubwa za kamera ziliifuata baadaye ilifunguliwa na mtu ambaye msomaji mwenzangu angemweka kwenye kundi la feki.

Tangu hapo kampuni za namna hiyo zimekuwa nyingi. Tamron, Tokina na Sigma za Japani zilijenga jina lao kwa lenzi za kamera za wenzao. Tamron ilifika mahali pa kuuza lenzi ambayo kifungio chake kinabadilishwa na mwenye lenzi mwenyewe, kwa hiyo lenzi ileile inahama kutoka Nikon kwenda Pentax au Canon kwa kubadili pete ya nyuma. Vivitar ya Marekani ilikuwa na utaratibu mwingine, wa kuagiza lenzi kutoka viwanda mbalimbali vya Japani na kuziwekea jina lake. Katika lenzi zake za miaka ya 1970 na 1980, tarakimu mbili za mwanzo za namba iliyochongwa kwenye pete ya mbele zinakuonyesha kiwanda: 22 ni Kino, 28 ni Komine, 37 ni Tokina. Lenzi za Komine na Kino zinasifiwa, na kwa niliyoitumia mwenyewe, ya milimita 28 kutoka Komine, sifa hizo ni za haki.

Sisemi kila lenzi ya kampuni nyingine ni nzuri. Zile za zamani zaidi nyingi zina utando dhaifu wa kuzuia mwanga wa kurudi, ukielekea jua linalozama ziwani picha inafifia na kujaa madoa ya mwanga, na pembe za picha zinakuwa na giza na kukosa ukali wakati kitundu cha kupitisha mwanga kimefunguliwa chote. Lakini kwa jua letu la mchana nani anafungua kitundu chote? Funga hadi f/8 au f/11 (namba ya f ikipanda, kitundu kinapungua) na sehemu kubwa ya udhaifu huo inaondoka. Kwa lenzi ya milimita 28, ukifunga f/11 na kuweka fokasi kwenye mita 2 na nusu, kila kitu kuanzia mita moja na robo hadi mbali kabisa kinatoka kikiwa kimetulia, kwa hiyo unaweza kutembea kati ya akina mama wanaogeuza dagaa pale Kibirizi bila kuigusa tena pete ya fokasi.

Kwa anayeanza, ninashauri 28, na kama hapati, 35. Ya milimita 20 au chini yake aiache kwanza, kwa kuwa watu waliokaa pembeni ya picha wanatanuka nyuso, na hakuna bibi harusi atakayekusamehe hilo. Hata kwa 28, wazee na wenye shughuli waweke katikati, pembeni waache vijana waliosimama nyuma.

Jambo linalowaumiza wanunuzi kuliko jina ni kifungio, na hapa nasema kwa yaliyonikuta. Niliwahi kuagiza kwa muuzaji mmoja wa mbali lenzi ya 28 ya kufungia kwa hesi, ile ya kipenyo cha milimita 42 inayotumiwa na Zenit, Praktica na Pentax za zamani, pamoja na adapta, yaani pete ya kuiunganisha na Nikon yangu. Ilifika kwa treni, safi kabisa, nikaifunga, nikatazama, na kila kilichokuwa mbali kuliko urefu wa mkono wangu kilikuwa ukungu mtupu. Lenzi ya hesi inataka kuwa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, na Nikon inaiweka milimita 46.5. Milimita moja tu, na kwa lenzi pana kiasi hicho kinatosha kuua kila kitu cha mbali. Canon za zamani za kifungio cha FD zina milimita 42, kwa hiyo lenzi hiyohiyo ingefanya kazi huko bila tatizo, kwani adapta ya kawaida inajaza umbali unaopungua. Muuzaji hakuniambia, nami sikujua kuuliza.

Wenye Zenit-E wana tahadhari yao ya ziada. Kamera hiyo haina kibati cha kusukuma pini ya lenzi wakati wa kupiga, kwa hiyo lenzi ya otomatiki, ambayo kitundu chake hufungwa na pini hiyo, kama haina kiswichi cha A (otomatiki) na M (kwa mkono) itabaki wazi daima, hata ukiizungusha hadi f/16. Tafuta yenye kiswichi hicho, kiweke kwenye M.

Kisha ikague lenzi kwa mkono wako. Fungua kitundu chote, washa tochi ya simu, imulike kwa ubavu kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyembamba zilizotambaa kama utando wa buibui ni kuvu, nazo huku kando ya ziwa tunazijua vizuri, hasa kwa lenzi zilizofungiwa miaka mingi kwenye mikoba ya ngozi. Usiinunue. Kisha izungushe pete ya kitundu hadi f/16, bonyeza pini ya nyuma na uone vile vibati vyembamba vya kitundu vinafunga mara moja. Vikisita na kung'aa mafuta, iache pia.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye maduka ya vitu vya mtumba, hapa mjini, Ujiji na Kasulu. Kijana akija na kamera ya babu yake, mruhusuni aifunge lenzi hapo hapo na kutoka nayo nje kabla hajalipa. Kwa sisi wa hapa mjini kipimo kiko wazi siku isiyo na ukungu: aizungushe fokasi hadi mwisho wa upande wa mbali na kuitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na kama ukingo wa milima haukutulia ndani ya kioo, amrudishie mwenye duka lenzi yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpiga picha, Mwanga, Kigoma