Dada, ile siku ya ukumbini

Dada yangu,

Umeniuliza tena kwa nini sikukupigia simu Mama alipofariki mpaka tulipokwisha kuzika. Nakujibu hapa, maana kwenye simu tunaishia kulia.

Kumbuka ukumbini. Mwanangu alikuwa na mwaka na miezi miwili. Ukaniambia nitoke nje dakika tatu, ubaki naye wewe, mgeni kwake. Jaribio la Mary Ainsworth, yule mwanasaikolojia, ulisema, la kutazama mtoto anavyompokea mama yake akirudi. Mtoto akalia. Mama akanyanyuka mkekani kumfuata, ukamzuia kwa mkono: "Subiri kwanza Mama, utaharibu." Mama akakaa. Aliyelea tisa, akaambiwa ataharibu. Niliporudi mtoto akanipita, akamkimbilia bibi yake, nawe ukaandika. Mpaka leo hukunionesha ulichoandika.

Wallahi najivunia usomi wako. Likizo yako ya kwanza uliwapanga watoto wa mtaa barazani, ukamimina juisi ya ukwaju sawasawa kwenye gilasi mbili pana, kisha ya moja ukaihamishia nyembamba, kama Piaget, yule mchunguzi wa fikra za watoto. Wa miaka minne wakagombania ile nyembamba kwa kuwa juisi imepanda juu; wakubwa wakawacheka. Mama aliisimulia Wete nzima.

Lakini Ainsworth huyohuyo, wewe ndiye uliyenieleza, kabla ya chumba chake cha majaribio huko Baltimore, Marekani, alikuwa Uganda, 1954 na 1955. Familia 26. Kila wiki mbili anakwenda nyumbani kwao, anakaa saa mbili, anatazama. Alikaa, Dada. Wewe ulikaa siku nne.

Utakapofanya tena utafiti huku, uliza kwanza mtoto anabebwa na nani, analala ubavuni mwa nani, nani humwogesha. Mimi nilikuwa skuli nafundisha tangu asubuhi hadi saa nane. Ningemwachia nani ila Mama? Sikumtupa mwanangu. Alikuwa na mikono miwili zaidi, basi.

Na hiyo simu. Mama alifariki alfajiri, akazikwa baada ya Adhuhuri. Hakuna ndege wala boti ambayo ingekuwahisha kutoka Marekani. Ndivyo ninavyojiambia. Lakini simu ilikuwa mkononi mwangu tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kila nilipofungua jina lako niliuona ule mkono wako umemzuia.

Hitima ya arobaini ni Alhamisi ijayo. Mjomba atakuja kukupokea gatini Mkoani pamoja na mwanangu, sasa yuko darasa la tatu. Hakukumbuki, nimemwonesha picha. Mimi nitakuwa ukumbini.

Mdogo wako